Maharana Aliyekaa Benchi

Mwanzoni mwa mwaka 1932, Porbandar, mji mdogo wa bandari katika pwani ya Gujarat, ulikuwa na wana wawili waliozungumzwa hadi London. Wa kwanza ni Mohandas Gandhi. Alizaliwa huko mwaka 1869, na baba yake aliwahi kuwa waziri mkuu wa watawala wa mji huo. Tarehe 4 Januari Waingereza walimkamata Bombay wakamfunga katika gereza la Yerwada, Poona. Wa pili ni mtawala mwenyewe wa Porbandar, Maharana Natwarsinhji, kijana wa miaka thelathini na kidogo. Yeye alikuwa anafungasha masanduku aende Uingereza, nahodha wa timu ya kwanza ya India kukubaliwa kucheza mechi ya testi, yaani kriketi ya ngazi ya juu kabisa baina ya mataifa.

Taifa lenyewe halikuwapo. India ilitawaliwa na Uingereza, na aliyedai iwe taifa alikuwa nyuma ya vyuma. Waliokwenda kuiwakilisha uwanjani walisafiri kwa hisani ya wafalme wadogo wadogo ambao viti vyao vililindwa na Waingereza haohao.

Siku sita baada ya Gandhi kukamatwa, tarehe 10 Januari, hapa Gitega alizaliwa mtoto wa Mwambutsa, mwami (mfalme) wa Urundi, yaani Burundi ya leo. Akaitwa Louis Rwagasore. Sitaki kulazimisha undugu kati ya mambo mawili yaliyotokea mbali hivi. Lakini ukiisoma ile ziara ya kriketi ukiwa umekaa Gitega, utaona kwamba swali lililoisumbua timu ya India lilikuwa mezani hapa pia mwaka uleule: nani anayestahili kuongoza, aliyezaliwa katika nyumba kubwa au anayeijua kazi?

Na Porbandar haikuwa mbali nasi kama ramani inavyodai. Tangu zama za Wajerumani, walioifanya Gitega kuwa makao yao mwaka 1912, Wahindi na Waarabu walifungua maduka katika miji ya Urundi. Wahindi wengi waliokuja Afrika Mashariki asili yao ni Kutch, Gujarat na rasi ya Kathiawar, ambako ndiko ziliko Porbandar, Jamnagar, Rajkot na Limbdi. Bidhaa zilitoka Bombay kwa meli hadi Dar es Salaam, zikapanda reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, zikavuka ziwa Tanganyika hadi Usumbura, Bujumbura ya leo, ndipo zikapanda milima. Mama wa Gitega aliyenunua kitambaa dukani mwaka ule huenda alikipokea kwa mtu aliyewajua wafalme wa Kathiawar kwa majina, kama sisi tunavyowajua wabunge wetu. Nanji Kalidas Mehta, aliyeanzisha kiwanda cha sukari cha Lugazi, Uganda, mwaka 1924, alitoka katika kijiji cha hukohuko Porbandar.

Sasa kriketi. Kwa msomaji aliyelelewa na mpira wa miguu: mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi kulenga vijiti vitatu vilivyosimamishwa ardhini. Mpigaji huvilinda kwa gongo la mbao, na akipata upenyo huupiga mpira mbali, kisha yeye na mwenzake wakakimbia kubadilishana nafasi. Kila kubadilishana ni mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kuambaa chini ni mikimbio minne. Ukivuka angani, sita. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka, na hiyo ndiyo wiketi. Sheria nyingine, na ni nyingi, tuziache.

Wahindi hawakuwa wageni wa mchezo huu. Maparsi wa Bombay walizuru Uingereza mwaka 1886 na tena 1888. Mwaka 1911 ilikwenda timu iliyojiita ya India nzima, chini ya Maharaja Bhupinder Singh wa Patiala, kijana ambaye karamu zilimshughulisha kuliko mechi. Aliyeibeba timu ile ni Palwankar Baloo, mrushaji wa mkono wa kushoto, mtu wa tabaka lililohesabiwa kuwa najisi. Katika ziara ile alichukua zaidi ya wiketi 100. Nyumbani, Wahindu wenzake walicheza naye uwanjani, lakini wakati wa chai alipewa chake nje, katika kikombe cha udongo, mbali na wengine. Unahodha wa timu ya Wahindu hakupewa kamwe.

Bombay yenyewe ilicheza kwa dini: mashindano makubwa ya kila mwaka yalizikutanisha timu za Wazungu, Maparsi, Wahindu na Waislamu. Mwaka 1926 ikaja timu ya Uingereza, na tarehe 1 Desemba C. K. Nayudu, akiichezea timu ya Wahindu, aliwapiga wageni mikimbio 153 kwa muda usiofika saa mbili, zikiwamo sita 11. Inasemekana watu walipanda miti na mapaa ili wamwone. Miaka miwili baadaye ikaundwa bodi ya kriketi ya India, na njia ya kwenda London ikafunguka.

Kumchagua nahodha ndiko kulikoonyesha mchezo uko mikononi mwa nani. Nayudu alikuwa na umri wa miaka 36, afisa katika jeshi la mfalme Holkar wa Indore, na hakuna aliyebishana kwamba ndiye mchezaji bora wa nchi. Jina lake halikuwa la kwanza wala la pili. Wa kwanza alikuwa Patiala yuleyule wa 1911, sasa mtu mzima na mfadhili mkubwa. Akajitoa. Maharaj Kumar wa Vizianagram, mtoto wa kifalme mwenye fedha na hamu isiyo na mipaka, alipewa cheo cha naibu wa makamu wa nahodha, cheo ambacho ukikitamka tu unajua kimetungwa ili mtu asinune. Naye akajitoa. Ndipo unahodha ukamwangukia Maharana wa Porbandar, na umakamu ukampata shemeji yake, Ghanshyamsinhji wa Limbdi.

Wengine walikataa kwa sababu nyingine kabisa. Klabu ya Wahindu ya Bombay ilisusia mechi za majaribio kwa sababu Gandhi na wenzake walikuwa jela, na kwa hiyo Vijay Merchant, kijana ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa India, hakwenda. Na vipaji viwili vya damu ya kifalme vilikuwa upande wa pili: Duleepsinhji, ambaye ami yake Ranjitsinhji alikuwa mtawala wa Nawanagar huko Jamnagar, pamoja na Nawab wa Pataudi, walichagua kuichezea Uingereza.

Timu iliyobaki ilifika Uingereza mwezi wa Aprili na ikazunguka nchi hadi mwisho wa kiangazi, ikicheza karibu kila wiki na timu za majimbo, za vyuo na za waungwana. Katika mechi 26 za daraja la kwanza ilishinda 9, ikapoteza 8, na 9 zikaisha bila mshindi. Amar Singh, kijana wa Rajkot, alichukua wiketi 111. Nayudu alipata mikimbio 1,618. Huko Birmingham, inasimuliwa, alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja ukavuka mto Rea, ambao wakati huo ulikuwa mpaka wa majimbo mawili, yaani mpira ulipigwa Warwickshire ukaenda kuangukia Worcestershire. Hadithi kama hizi hunenepa kila zinaposimuliwa. Lakini mikimbio yake 118 dhidi ya klabu ya MCC katika uwanja wa Lord's, mwezi wa Mei, imeandikwa na haihitaji kunenepeshwa.

Na Maharana? Katika mechi nne za daraja la kwanza alizocheza alipata, kwa jumla, mikimbio miwili. Watu wakatania kwamba magari yake ya Rolls-Royce ni mengi kuliko mikimbio yake. Ni utani mtamu na umerudiwa kwa miaka mingi, ila naona umemdhulumu. Watani wanasahau alichofanya mwezi wa Juni.

Mechi ya testi ilikuwa moja tu katika ziara nzima, siku tatu, kuanzia Jumamosi tarehe 25 Juni, Lord's. Porbandar akasema hachezi. Limbdi naye hakucheza. Nahodha atakuwa Nayudu.

Hapo ndipo pakawaka. Nayudu alikuwa mkali, mtu wa nidhamu ya kijeshi, asiyejua kubembeleza, na baadhi ya wachezaji waliona ni afadhali kutii mfalme asiyejua kucheza kuliko kutii mwenzao anayejua. Inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia mechi waligoma, habari zikamfikia Patiala, naye akatuma amri kali: mcheze chini ya Nayudu au mjue mtakalolipata nyumbani. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi mtu wa kawaida alipata kuongoza kwa sababu mfalme mmoja alikaa kando na mwingine akapiga kelele. Mapinduzi kamili hayakuwa hayo.

Kumi na mmoja walioingia uwanjani walikuwa Wahindu wanne, Waislamu wanne, Maparsi wawili na Sikh mmoja. Huyo Sikh, Lall Singh, hakuzaliwa India. Alizaliwa Kuala Lumpur, Malaya, mtoto wa uhamiaji kama watoto wa madukani kwetu. Upande wa Uingereza nahodha alikuwa Douglas Jardine, ambaye alizaliwa Bombay. Mpangilio wa dola ulikuwa hivyo: anayeiongoza Uingereza mzaliwa wa India, anayeichezea India mzaliwa wa Malaya.

Uingereza ilifungua na Percy Holmes na Herbert Sutcliffe. Siku kumi hivi kabla, wawili hao walikuwa wameweka rekodi ya dunia kwa kupata mikimbio 555 pamoja wakiichezea Yorkshire. Waliokuja Lord's asubuhi ile walijiandaa kwa siku ndefu. Mohammad Nissar, mrushaji mwenye kifua kipana kutoka Punjab, aliviangusha vijiti vya Sutcliffe, na katika ova hiyohiyo, yaani mfululizo uleule wa kurusha mipira, akaviangusha vya Holmes. Kisha Frank Woolley, mkongwe wa miaka 45, alijaribu kuiba mkimbio, na Lall Singh akawa mwepesi kuliko miguu yake. Uingereza: mikimbio 19, watatu wametoka, na mechi haijatimiza nusu saa. Wenye uwanja wao walikuwa wameduwaa.

Jardine aliwaokoa kwa mikimbio 79, akisaidiwa na Les Ames, na Uingereza ikamaliza na 259. Nissar alikuwa amechukua wiketi tano. India ilijibu kwa 189. Nayudu, aliyeumia mkono akijaribu kudaka, ndiye aliyepata mingi zaidi, 40, huku akipiga kwa maumivu. Nazir Ali na Palia nao waliumia miguu, na timu ikabaki kama kikosi cha majeruhi. Katika zamu ya pili Jardine alisimama tena, 85 bila kutolewa. India ikahitaji 346, ikaanguka na 187, lakini kabla ya kuanguka Amar Singh na Lall Singh walipiga mipira kwa furaha ya watu wasio na cha kupoteza. Amar Singh alifika 51, wa kwanza kuichezea India kufikisha hamsini katika testi. Uingereza ilishinda kwa mikimbio 158.

Mwaka uliofuata kitabu cha Wisden, kinachoandikwa na kusomwa na wapenzi wa kriketi kama almanaka takatifu, kilimtaja Nayudu miongoni mwa wachezaji watano bora wa mwaka. Timu ya Uingereza ilipokuja India mwishoni mwa 1933, alikuwa nahodha kwa haki yake, si kwa kuachiwa nafasi.

Turudi sasa Gitega, mwaka ule wa 1932. Wabelgiji, waliokabidhiwa Ruanda-Urundi na Jumuiya ya Mataifa, walikuwa katikati ya kupanga upya utawala wa machifu. Mwaka 1929 Urundi ilikuwa na machifu zaidi ya 130. Kufikia 1933 walikuwa 46. Maeneo yaliunganishwa, wadogo wakaondolewa, na waliobakizwa au kuongezewa walikuwa zaidi baganwa, watu wa damu ya kifalme. Machifu Wahutu waliokuwapo walipungua hadi wakaisha kabisa. Mwaka huohuo wa 1932 shule ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare, ilianza kufundisha, nayo ilikusudiwa kwanza watoto wa machifu. Katika nchi jirani ya Rwanda, Novemba 1931, Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga wakamsimika mwanawe Rudahigwa ndani ya siku chache.

Ukitazama kwa jicho la mchezo, London ubao wa matokeo ulikuwa unaanza kuuliza maswali kuhusu damu ya kifalme, na Gitega faili la ofisini lilikuwa linaipa damu hiyo muhuri. Mwambutsa alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Alitawazwa mwaka 1915 akiwa mtoto mdogo, na waliokuwa wakiamua nani awe chifu wapi hawakuwa na haja ya kumwuliza sana.

Hata hivyo India haikujifunza somo lake kwa mara moja. Ziara iliyofuata Uingereza, mwaka 1936, iliongozwa na Vizianagram yuleyule wa cheo cha kutungwa, na safari hii hakukaa kando. Kabla ya mechi ya testi ya kwanza alimrudisha nyumbani Lala Amarnath, mmoja wa wachezaji wake bora, kwa kosa la nidhamu, na alicheza mechi zote tatu ingawa gongo lake halikustahili hata moja. Serikali ya Uingereza ilimpa cheo cha Sir wakati ziara ikiendelea. Ukiwaweka pamoja wafalme hao wawili, yule wa mikimbio miwili anaanza kuonekana mtu mwenye akili zaidi.

Kriketi haikufika kwetu, na sababu haihitaji utafiti. Mabwana wetu walikuwa Wabelgiji, na Wabelgiji hawakuwa na habari nayo. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 kriketi iliwekwa kwenye ratiba, Ubelgiji ikatarajiwa kushiriki, ikajitoa. Mpira wa miguu ndio uliopanda milima yetu, na ndio unaojaza Ingoma hapa Gitega siku za ligi.

Ila kwa wenyeji wa Muyinga kriketi ilikosekana kwa umbali wa mstari tu. Mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji waligawana lililokuwa koloni la Wajerumani, na Bugufi, ardhi ya mwami wa Burundi, ikaachwa upande wa Tanganyika. Leo iko wilaya ya Ngara, ng'ambo ya Kobero. Lugha ya nyumbani pande zote mbili inasikilizana, koo zimevuka mpaka, lakini aliyezaliwa upande wa mashariki aliingia katika dola iliyocheza kriketi, na aliyezaliwa magharibi akaingia katika dola iliyoendesha baiskeli. Si kwamba Mwafrika wa Tanganyika alikaribishwa kucheza. Nairobi, mechi kubwa ya mwaka tangu 1910 ilikuwa baina ya maofisa wa serikali na walowezi, Wazungu kwa Wazungu, na ni mwaka 1933 tu, mwaka mmoja baada ya ziara ya kina Nayudu, ndipo Waasia walipoanza kukutana na Wazungu katika mechi kama hiyo.

Majirani wetu wa kaskazini waliupata mchezo kwa njia ya ajabu: Wanyarwanda waliokulia uhamishoni Uganda na Kenya walirudi nao baada ya 1994. Sasa wana uwanja mzuri wa Gahanga, Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 waliwafunga West Indies katika Kombe la Dunia.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na timu yake ya taifa lisilokuwapo. Mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, timu ya "Afrika Mashariki" ilisafiri Uingereza ikiwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nchi nne zenye bendera nne, chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliovuka bahari kutoka Gujarat na Kathiawar. Tarehe 11 Juni, Headingley, walikutana na India yenyewe. Walitolewa wote kwa mikimbio 120, na Sunil Gavaskar na Farokh Engineer wakaifuta bila kupoteza wiketi hata moja. Huo ndio ushindi wa kwanza wa India katika historia ya Kombe la Dunia.

Siku nne kabla, Birmingham, timu hiyohiyo ilikuwa imechakazwa na New Zealand. Miongoni mwa warushaji wake siku hiyo alikuwamo John Nagenda wa Uganda, mwandishi wa riwaya aliyekuja kuwa mshauri wa Rais Museveni, naye alipata wiketi moja. Baba yake alikuwa mhubiri wa uamsho, na kwa ajili ya kazi hiyo familia ilikuwa ikiishi Gahini, kando ya ziwa Muhazi, alipozaliwa mwaka 1938. Gahini wakati huo ilikuwa Ruanda-Urundi, chini ya Wabelgiji haohao.